Waandishi wa Lamu hukutana wapi?

mwalimu_mgeni

Hodi wenyeji. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimehamishiwa sekondari moja kisiwani Lamu nikitokea Nakuru. Nimepanga chumba Gadeni. Naandika hadithi fupi, nyingi bado ziko daftarini.

Nakuru tulikuwa na kikundi chetu. Tulikutana mara moja kwa mwezi kwenye hoteli moja yenye meza ndefu uani, kila mtu na kurasa zake. Tunasomeana, tunakosoana, tunabishania nukta na mkato mpaka mwenye hoteli anaanza kupandisha viti juu ya meza ili tuondoke. Hapakuwa na mtu maarufu kati yetu. Lakini nikikaa kuandika usiku nilijua kuna masikio yanayoningoja.

Hapa nimetafuta mkutano wa namna hiyo sijaupata. Maktaba ya Ngomeni nimeingia. Pana utulivu, na zile kuta nene zinazuia joto, ila niliowakuta ni wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani na watalii wakipita kupiga picha. Kwenye Makumbusho pale ufuoni nikaambiwa nisubiri Tamasha la Utamaduni. Mwenzangu wa ofisi ya walimu, mzaliwa wa hapa, nilipomuuliza alicheka: "Waandishi? Amu kila nyumba ina malenga, wewe wamtaka yupi?" (Amu ndiyo Lamu, kwa ulimi wa wenyeji.) Kisha akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Darasani nasimama nikiwaambia wanafunzi kwamba Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 katika visiwa hivi hivi. Kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi. Kwamba Muhammad Kijumwa, aliyetunga utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa mtu wa mji huu, akichonga milango kwa mkono ule ule aliokuwa akinakilia tenzi. Wanafunzi wanaitikia kwa adabu. Nikitoka nje sioni hata tangazo moja la watu kukutana kusoma.

Basi nawauliza: kuna chama, au kikundi chochote? Hukutana wapi, siku gani? Kuna watunzi walio hai ninaoweza kuwaomba waje darasani? Na mtu wa nathari kama mimi, tena wa bara, atapata pa kukaa humo?

nahodha_wa_mokowe

Karibu mwalimu. Tamasha kwa kawaida huwa Novemba, na mashindano ya mashairi yamo, usidhani ni mbio za punda na mashua peke yake. Ubaya wake, saa ya watu kughani nusu ya mji iko ufuoni inangoja punda. Ipate ratiba mapema na ukae karibu na jukwaa, maana vipaza sauti vyetu mungu anavijua.

Kisha kuna Maulidi ya msikiti wa Riyadha, Mfungo Sita. Huo ndio msimu ambao boti zangu hazilali, watu waja kutoka pwani nzima na ng'ambo. Kasida utazisikia mpaka usingizi ukukimbie.

Mimi si mtu wa vitabu. Ila abiria wangu hawaishi kushika simu wakisikiliza mtu anaghani, na wakifika gatini wanabishana kama alikosea kina au hakukosea. Ngoja Bi Chapa aione hii, yeye ndiye mwenye jibu.

bi_chapa_langoni

Mwalimu, karibu Amu. Mwenzako wa ofisini amekujibu sawasawa, tatizo hakukumalizia.

Mimi nina duka la fotokopi na kupiga chapa huku Langoni, hatua chache ukitoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Fomu za basari, vitambulisho, barua za kuombea kazi, hizo ndizo zinazonilipia kodi. Lakini akija mtu kutaka kujua nani anatunga katika mji huu, aanze kwangu kabla ya Makumbusho, kwa sababu karatasi zao zapita mikononi mwangu. Nimewapigia chapa mashairi ya harusi, ya tanzia, ya kumkaribisha mtoto aliyehitimu, ya kampeni (hayo huletwa usiku na mtu aliyetumwa, na hulipwa taslimu), ya kuwalilia vijana walioingia kwenye unga wa kulevya, ya bandari mpya ya upande wa pili. Bandari peke yake, tangu gati la kwanza lilipofunguliwa 2021, imenipa mashairi ya kuisifu na ya kuilaumu kwa kiasi kinachokaribiana, na mara moja yote mawili kutoka kwa mtu mmoja.

Wewe watafuta mwandishi anayeshika kitabu chake na kuwasomea watu. Huku mambo hayaendi hivyo. Anayetunga ni mmoja na anayesoma ni mwingine. Mzee anaweza kuwa na beti mia mbili kichwani, na sauti yake ni ya mtu aliyevuta sigara tangu ujanani. Hatasimama mbele za watu akaiharibu kazi yake mwenyewe. Anampa mwenye koo. Mwenye koo ndiye anayeketi karibu na simu, ndiye anayechagua mahadhi, ndiye atakayesikika Mombasa jioni hiyo hiyo na Jeddah asubuhi yake. Ukisikia shairi mtaani uliza sauti ya nani, kisha uliza maneno ya nani, na majibu yatakuwa majina mawili. Wageni wengi huondoka wamemshukuru msomaji na kudhani wameonana na mtunzi.

Na hili si jambo la simu. Kabla ya simu zilikuwa kaseti. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, sisi twamwita Mahmoud Mau, mzaliwa wa hapa wa 1952, amekuwa imamu wa msikiti wa Pwani pale jirani na Ngome. Alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974, nasaha kwa watoto wa kike, na ule utendi ulikwenda kwa kaseti kabla mtu hajaona karatasi yake. Mamangu alikuwa nao. Aliusikiliza akipepeta mchele, akifika sehemu anayoipenda anazima, anarudisha nyuma, mpaka utepe ukawa unalia kama paka. Kitabu kizima cha mashairi ya Ustadh, yaliyokusanywa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kimetolewa na Brill ya Uholanzi mwaka 2023. Hesabu mwenyewe miaka. Mtu alikuwa mtunzi mkubwa, anajulikana na wauza samaki na mahakimu, kitabu kikaja baadaye kabisa. Wewe watafuta ile sehemu ya mwisho na kuiita mwanzo.

Sasa mahali. Baraza za mitaani baada ya Asri, na tena baada ya Isha. Pale Mkunguni mbele ya Ngome wazee hukaa, na mazungumzo yao nusu ni siasa, robo ni bei ya samaki, ile robo iliyobaki ndiyo unayoitaka, ila hutaipata bila kuvumilia hizo nyingine. Usifike na kinasa sauti. Usimuulize mtu kama yeye ni malenga. Atakataa, na akikubali upesi huyo mwache. Salimia, kaa, kahawa ikija ipokee. Uliza kilichotokea: nani alitungiwa shairi alipooa, ile tanzia ya juzi ilikuwa ya nani. Hapo ulimi utafunguka wenyewe.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nakupa siri ya duka. Wazee wanapenda nakala safi. Mmoja wao hunijia na daftari lenye khati za Kiarabu, maana hivyo ndivyo alivyofunzwa kuandika Kiswahili, ananisomea mimi napiga chapa kwa herufi za Kirumi. Anataka ubeti usikatwe na mwisho wa ukurasa. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, uwe upande wake na utao, nusu ya pili, upande wake, pengo la katikati linyooke kutoka juu hadi chini. Ukawafi, yale mashairi ambayo kila mshororo una vipande vitatu, naulazia ukurasa ubavu, la sivyo mishororo yavunjika. Anahesabu mizani kwa vidole juu ya kaunta yangu, na wateja wa fotokopi wakinung'unika huwaambia wamtii aliyewatangulia kuzaliwa. Anatoa nakala tatu: ya msomaji, ya mwenye shughuli, ya sanduku. Hiyo ya sanduku ndiyo inayoniuma, sanduku za Amu zina mchwa. Ukijitolea kumnakilia mzee mmoja daftari lake, kwa herufi kubwa zisizohitaji miwani, utakaribishwa mahali ambapo barua ya mkuu wa shule haikufikishi.

Ukimtaka mtunzi darasani, basi usimwombe "aje azungumze kuhusu ushairi". Atakataa kwa heshima na wewe utafikiri ana kazi. Mpe shughuli. Mwambie darasa la kidato cha nne linamaliza, wanataka kutungiwa. Huyo atakuja, na atakuja na msomaji wake.

Jambo moja zaidi, wewe ni mwanamume kwa hivyo hutaliona: usiku wa wanawake katika harusi. Kuna utunzi humo ambao mwanamume hausikii ila kwa kupitia ukuta. Vugo likipigwa, pembe zikilia, maneno mengine ni ya zamani na mengine yametungwa mchana ule ule kumhusu bibi harusi na mawifi zake, na ni makali. Wale wanaosema Mwana Kupona alikuwa wa mwisho hawajaalikwa harusi nzuri.

mwalimu_mgeni

Bi Chapa, nashukuru sana. Nimeisoma mara mbili na kesho nitapita dukani, si kwa fotokopi.

Ila bado sijajibiwa kiu yangu. Mimi natunga nathari. Hadithi ya kurasa kumi haina mahadhi, haina mwenye koo wa kuighani. Mtu ataisikiliza wapi hapa? Na pili: katika baraza hizo, kijana anaweza kumwambia mtunzi "ubeti wa nne umelegea"? Nakuru hilo ndilo lililonifaa kuliko sifa zote.

mwana_wa_shela

Mimi ni binti wa Shela, nimemaliza chuo, naandika. Bi Chapa namheshimu, amenipigia chapa hata tasnifu yangu, lakini picha aliyochora ni ya upande mmoja na lazima mtu aseme.

Kwanza, mashairi ya shughuli ni mashairi ya kuagizwa. Mwenye harusi hataki ubeti wa kumwambia mahari imekuwa biashara. Mgombea hataki ubeti wa kumkumbusha barabara. Ukizoea kutunga kwa tukio unajua kusifu na kulia, basi. Vijana wenye jambo la kusema ambalo halina harusi wala jeneza wanaandika kwenye simu na kuacha humo humo. Mimi nina rafiki watatu wa aina hiyo, wawili wasichana. Hakuna baraza watakayokaa. Baraza ni za wanaume, tuseme ukweli. Binti akipita pale Mkunguni anaongeza mwendo.

Pili, tunajivunia urithi ambao sehemu kubwa imehama. Kijumwa aliwanakilia Wazungu kina Alice Werner na William Hichens, na leo mwenye kutaka kuuona mkono wake atazame makusanyo ya chuo cha SOAS, London. Si lawama, pengine ndiyo sababu yamesalimika na ule mchwa wa Bi Chapa. Lakini riwaya iliyolitembeza jina la Pate duniani miaka hii, ile ya Yvonne Adhiambo Owuor ya 2019, imeandikwa kwa Kiingereza. Niliipenda. Na niliona wivu ukurasa baada ya ukurasa.

Sasa swali lako la nathari, mwalimu. Nitakueleza kilichotokea nyumbani kwetu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Nobel. Rafiki alinitumia kutoka Dar es Salaam. Bibi yangu macho yake hayaoni vizuri, nikawa namsomea usiku baada ya chakula, kurasa chache chache. Nilidhani atasinzia. Badala yake alikuwa ananikatiza. Yusuf alipochukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la babake, bibi akasema mambo hayo ayajua, akataja nyumba. Akaanza kuwalaumu wazazi wa Yusuf kana kwamba ni majirani. Jirani wa kweli akasikia dirishani, usiku wa pili akaja na mkeka wake. Kabla hatujafika katikati walikuwa wanawake watano na watoto wasiohesabika, na nikichelewa kurudi napigiwa simu: mkwe wa fulani amefika, mbona hatuanzi?

Hakuna mahadhi. Hakuna vina. Hiyo ni nathari ya sawasawa, ya mtu wa Unguja, na Shela waliisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya msiba. Kwa hiyo usiambiwe huku watu hawasikilizi ila vina. Hawajasomewa, ndiyo shida.

Ninachokitaka mimi ni kile alichokuwa nacho mwalimu Nakuru. Watu kadhaa, wake kwa waume, mahali ambapo si baraza wala si msikitini, kurasa mezani, na ruhusa ya kukosoa. Ngome ina maktaba na ina ua, na shughuli za watu wa mji hufanyika pale. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua ya kuomba nafasi. Mimi nitaiandika mwalimu akitia sahihi, barua ya mwalimu inajibiwa mapema kuliko ya msichana.

Na wenye miswada kamili, mjue kuna Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa, riwaya na ushairi pia. Mohammed Ghassani wa Pemba aliipata 2015 kwa diwani yake N'na Kwetu. Pemba si mbali na hapa.

bi_chapa_langoni

Mwanangu wa Shela, maneno yako nimeyapokea. La baraza na wasichana huna wa kukupinga, mimi mwenyewe napita na mwamvuli.

Lakini la kwamba hatukosoani, hapana. Nakuru wanakosoa kwa kusema, Amu twakosoa kwa kutunga. Shairi hujibiwa kwa shairi, kwa bahari ile ile na ikiwezekana kwa vina vile vile, na aliyeshindwa kujibu mji mzima unajua. Tangu zama za vita vya Shela, mwanzo wa karne ya 19, Bwana Zahidi Mgumi wa hapa na Muyaka bin Haji wa Mombasa walikuwa wakirushiana beti. Katikati ya miaka ya 1970 uchaguzi wa huku ulipiganwa kwa kaseti, mashairi ya Kimondo, upande huu unatunga na upande ule unajibu, na wanawake walikuwamo. Hiyo ndiyo "ubeti wa nne umelegea" yetu, mwalimu. Tofauti ni kwamba anayekosoa naye lazima aonyeshe anaweza. Mimi naona ni haki. Wewe utaona ni ugumu, na pengine kwa kijana anayeanza ni ugumu kweli.

Na kutunga kwa kuagizwa si kitu cha kudharau. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Matondoni kwa asili, alitunga Sambo ya Kiwandeo kueleza jahazi linavyoundwa, kipande kwa kipande, kamba na msumari, ikachapishwa Leiden 1979. Haikuwa harusi wala jeneza. Aliona majina ya vifaa yanapotea na wenye kuyajua wanakufa. Nani alimwagiza? Kazi yenyewe ilimwagiza. Fundi mmoja wa majahazi alinijia akitaka nakala yake aiweke karakana, naye hawezi kusoma bila mwanawe. Nimempa bei ya fomu ya basari.

Nathari nami ninayo dukani, msidhani. Mvuvi mmoja wa Kizingitini huja msimu wa kusi bahari ikichafuka, ananieleza safari zake mimi naandika. Hana ubeti hata mmoja. Ana mambo ya Kiunga na Kismayu ambayo nikiyapiga chapa nasahau wateja. Huyo mwiteni. Hatakuja kwa barua, mwiteni kwa mtu.

Ngome ni pazuri lakini kibali kina mlolongo na siku za wageni wakubwa mtatolewa. Andikeni barua, wakati huohuo njooni kwangu. Nikifunga duka Jumamosi baada ya Asri, chumba cha nyuma kina feni na viti vya plastiki, na mlango wake unatokea kichochoroni, wasichana hawapiti mbele ya baraza yoyote. Mashine ipo. Mtu akisoma kitu cha maana tunakitoa nakala pale pale.

Na mtakapofikiria kijitabu, namba ya ISBN huku Kenya inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, si lazima kupitia kwa mchapishaji wa Nairobi. Kufunga kwa stepla hadi kurasa hamsini naweza. Zaidi ya hapo nendeni Mombasa.

nahodha_wa_mokowe

Na sisi wa boti tunaruhusiwa, au ni lazima mtu awe na daftari?

bi_chapa_langoni

Njoo na huyo mvuvi wa Kizingitini, akikosa boti ya kurudia utamrudisha. Hiyo ndiyo ada yako.

mwana_wa_shela

Jumamosi nitakuja na wenzangu wawili. Mmoja ameomba asitajwe jina wala asiombwe kusoma mara ya kwanza. Barua ya Ngome nimeshaiandika, mwalimu, iko tayari kwa sahihi. Nimeomba pia bibi aletewe kiti chenye mgongo, amesema anakuja kusikia hao wa bara wanaandika nini.

mwalimu_mgeni

Nimekubali yote. Sahihi nitatia hapo hapo dukani. Nina hadithi ya mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu ya Nakuru, ana mtoto aliyeenda kazini Uarabuni na hapigi simu. Kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimeifungia kabatini kwa sababu mwisho wake haunipendezi. Nakala ngapi nitoe?

bi_chapa_langoni

Nakala tano, herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na tia nambari za kurasa kabla hujaniletea. Mambo ya Uarabuni huku utayakuta wenyewe, kwa hivyo jitayarishe, huo mwisho hutauchagua peke yako.